Tarehe ya Kutoka kwa Filamu Kubwa na Malipo ya Mwongozaji Wakati wa Korona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu mwaka 2020 wapenzi wa filamu wamekuwa wakiuliza kwa nini filamu kubwa za Hollywood zilisogezwa tarehe mara tatu, mara nne, na wakati mwingine zaidi, na kama kusogezwa huko kuliwagusa waongozaji mifukoni. Majibu yaliyo hapa yanaegemea sana filamu ya Tenet ya Christopher Nolan, kwa kuwa ndiyo filamu ya kwanza ya bajeti kubwa ya Hollywood iliyotoka sinemani baada ya sinema nyingi duniani kufungwa, na kwa kuwa mkataba wa mwongozaji wake ulijadiliwa kuliko wa mwingine yeyote. Mikataba ya namna hii ni siri ya wahusika. Kwa hiyo, kila panapotajwa kiasi cha malipo, msomaji aelewe kwamba ni kile kilichoripotiwa na vyombo vya habari vya biashara ya filamu.

Mwongozaji wa filamu kubwa hulipwa vipi?

Malipo yake huja kwa njia tatu, na ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu janga la korona liliziathiri kwa namna tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni ujira wa kazi, ambao hulipwa kwa awamu kadiri filamu inavyoandaliwa, inavyopigwa na inavyohaririwa. Ujira huu hauna uhusiano na tarehe ya kutoka, na filamu ikikaa kabatini miaka miwili, mwongozaji huwa ameshaupokea.

Njia ya pili ni malipo ya marudio, yanayosimamiwa kwa makubaliano ya chama cha waongozaji wa Marekani, Directors Guild of America. Haya hutokana na matumizi ya filamu baada ya sinema: diski, televisheni na huduma za mtandaoni. Tiketi za sinema zenyewe hazizai malipo ya marudio, jambo ambalo wengi huwa hawalijui.

Njia ya tatu ndiyo kiini cha mjadala wote: mgawo wa mapato. Kuna waongozaji wanaoahidiwa asilimia ya faida halisi, yaani kinachobaki baada ya studio kukata gharama za kutengeneza, za matangazo, za usambazaji na za riba, na kwa kawaida makato hayo ni mengi kiasi kwamba filamu inayoonekana imefanikiwa sana bado husomeka kwenye vitabu kuwa haijapata faida. Wengine hupewa bonasi zinazolipwa filamu inapovuka kiwango fulani cha mauzo ya tiketi. Wachache mno hupewa kile kinachoitwa mgawo wa dola ya kwanza, unaohesabiwa tangu fedha ya kwanza inapoifikia studio, kabla gharama hazijakatwa. Peter Jackson na waandishi wenzake wawili waliripotiwa kupata mkataba wa namna hii kwa King Kong ya mwaka 2005: dola milioni 20 kama malipo ya awali, yanayohesabiwa ndani ya asilimia 20 ya mapato. Nolan aliripotiwa kupata masharti kama hayo kwa Dunkirk ya mwaka 2017, na kisha kwa Tenet.

Asilimia 20 ya dola ya kwanza ni asilimia 20 ya nini hasa?

Hapa ndipo hesabu nyingi zinazosambazwa mitandaoni zinapopotoka. Watu huchukua jumla ya mauzo ya tiketi duniani, wanaigawa kwa tano, na kutangaza kwamba mwongozaji amechukua kiasi hicho. Lakini fedha ya tiketi haiendi yote kwa studio. Mwenye jumba la sinema hubaki na sehemu yake, ambayo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Huko China, kwa mfano, studio ya kigeni hupata takriban robo tu ya kila tiketi, ilhali nchini Marekani hupata nusu au zaidi. Mgawo wa mwongozaji huhesabiwa kutoka katika kile kilichofika studio.

Tuchukue mfano wa kukadiria, kwa ajili ya kuonyesha njia tu. Tenet iliuza tiketi za takriban dola milioni 365 duniani kote. Tukikadiria kwamba nusu ilifika studio, hiyo ni kama dola milioni 182, na asilimia 20 yake ni kama dola milioni 36. Kwa kuwa malipo ya awali ya dola milioni 20 huhesabiwa kuwa sehemu ya mgawo huo wala si nyongeza juu yake, kinachobaki kulipwa ni kama dola milioni 16. Ni fedha nyingi kwa kipimo chochote, lakini ziko mbali na milioni 73 zinazotajwa na wale wanaogawa jumla ya tiketi kwa tano.

Tenet ilipangwa kutoka lini, na ilitoka lini?

Ilipangwa kutoka tarehe 17 Julai 2020. Katikati ya Julai palikuwa pamekuwa mahali pa Nolan kwa miaka mingi: The Dark Knight ilitoka Julai 2008, Inception Julai 2010, The Dark Knight Rises Julai 2012 na Dunkirk Julai 2017. Studio ya Warner Bros. iliisogeza hadi 31 Julai, kisha hadi 12 Agosti, kisha ikaiondoa kwenye kalenda bila kutaja tarehe mpya. Hatimaye ilitoka katika nchi nyingi nje ya Marekani kuanzia tarehe 26 Agosti, na nchini Marekani tarehe 3 Septemba, huku sinema za jijini New York na Los Angeles, ambayo ndiyo masoko makubwa kabisa ya nchi hiyo, zikiwa bado zimefungwa.

Kuitanguliza nje kabla ya Marekani halikuwa jambo la kawaida kwa filamu ya ukubwa huo. Lilifanyika kwa sababu Ulaya na sehemu za Asia zilikuwa zimefungua milango, na hesabu ikatoka sahihi kwa upande huo: wikiendi ya kwanza ya nje ilileta takriban dola milioni 53. Marekani ndiko ilikokwama. Wikiendi ndefu ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huadhimishwa mwanzoni mwa Septemba, ilileta takriban dola milioni 20, hata baada ya kujumlisha maonyesho ya awali na mauzo ya Kanada, na mwishowe soko hilo zima lilichangia takriban dola milioni 58 tu.

Je, ni kweli kwamba Nolan aliilazimisha studio kuitoa filamu ili apate fungu lake?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na linastahili kujibiwa kwa uangalifu kwa kuwa linagusa heshima ya mtu.

Kwanza, hesabu ya fedha yenyewe haiungi mkono shutuma hiyo kwa urahisi kama inavyodhaniwa. Mtu mwenye asilimia ya mapato ghafi hunufaika na kumbi zilizojaa. Inception iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 800 mwaka 2010. Kama Tenet ingengoja hadi watu warudi sinemani na ikafikia hata kiwango hicho, basi kwa kukadiria kama tulivyofanya hapo juu, mgawo wa mwongozaji ungekuwa kama dola milioni 80 badala ya milioni 36. Kwa kutoka Agosti 2020, yeye ndiye aliyekuwa miongoni mwa watu wenye mengi ya kupoteza.

Pili, hata hivyo, wakosoaji wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mwenye mgawo wa dola ya kwanza habebi gharama za matangazo, habebi riba, wala habebi hasara. Tiketi ya kwanza ikiuzwa, hesabu yake imeanza, hata kama studio itaishia kupoteza mamilioni. Kwa hiyo maslahi yake na ya studio hayafanani: studio inajiuliza kama mapato yatafunika gharama, na yeye hana sababu ya kifedha ya kujiuliza hivyo. Mkataba wa namna hiyo humwondolea mwongozaji woga ambao mwenye mtaji anao.

Tatu, kuna kile alichokisema hadharani, na alikisema mapema. Mwezi Machi 2020, siku chache tu baada ya sinema za Marekani kufungwa, Nolan aliandika makala katika gazeti la Washington Post akitetea majumba ya sinema na wafanyakazi wake, kuanzia wauza bisi hadi mafundi wa mitambo, na kuomba wakumbukwe katika misaada ya serikali. Mtu anaweza kubishana kuhusu busara ya kuwaalika watazamaji ndani ya kumbi kabla ya chanjo kupatikana, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba tarehe ile ilikuwa ya mapema mno kwa Marekani. Lakini kudai kwamba alisukumwa na fungu lake ni kudai kuujua moyo wa mtu, na hesabu zenyewe hazielekei huko. Isitoshe, uamuzi wa mwisho ulikuwa wa studio, ambayo ilikuwa na sababu zake yenyewe.

Sababu hizo za studio zilikuwa zipi? Kwa nini isingengoja tu?

Kungoja kuna bei. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 200 imetengenezwa kwa fedha ambayo nayo ina gharama yake kila mwezi inapokaa bila kurudi. No Time to Die, filamu ya James Bond iliyoongozwa na Cary Joji Fukunaga, ilikuwa ya kwanza kukimbia, kwani uamuzi wa kuiondoa Aprili 2020 ulitangazwa mapema Machi, na kampuni ya MGM iliripotiwa kulipa takriban dola milioni moja ya riba kwa kila mwezi wa kungoja. Tena ilikuwa imeshatangazwa hadi kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, ya Februari 2020. Fedha ya matangazo ikishatumika hairudi, na filamu ikisogezwa mwaka mmoja, watu hawakumbuki tena, hivyo kampeni huanza upya.

Kuna pia msongamano. Filamu zote za mwaka mmoja zikisogezwa kwenda mwaka unaofuata, zinakutana na zile zilizokuwa zimepangwa huko tangu mwanzo, na wikiendi nzuri za mwaka ni chache. Studio inayosita inapoteza nafasi yake kwenye foleni.

Na kulikuwa na majumba ya sinema yenyewe. Bila filamu kubwa, yalikuwa hayana sababu ya kufungua. Bila majumba kufungua, filamu kubwa zilikuwa hazina pa kwenda. Wenye sinema walimtazamia Nolan awe wa kwanza kuvunja duara hilo. Athari ya kukosekana kwa filamu kubwa ilionekana Oktoba 2020, wakati No Time to Die iliposogezwa tena hadi mwaka 2021: siku chache baadaye kampuni ya Cineworld ilifunga kwa muda sinema zake zote za Marekani na Uingereza, na wafanyakazi takriban 45,000 wakaathirika. Watu hao, ambao hawana mgawo wa dola ya kwanza wala ya mwisho, hawatajwi vya kutosha katika mijadala kuhusu malipo ya waongozaji.

Je, Tenet ilipata hasara?

Kwa upande wa sinema peke yake, dola milioni 365 hazikutosha kurudisha gharama za kutengeneza na kutangaza filamu ya ukubwa huo. Nolan mwenyewe alisema mwezi Novemba 2020 kwamba alifurahishwa na mapato hayo, ila akahofia kwamba studio zilikuwa zikitoa hitimisho potofu kwa kuyapima dhidi ya hali ya kabla ya janga. Ikumbukwe kwamba kwa mujibu wa chama cha studio za Marekani, mauzo ya tiketi duniani yalishuka kutoka dola bilioni 42.2 mwaka 2019 hadi bilioni 12 mwaka 2020. Katika mwaka wa namna hiyo, filamu ya Hollywood iliyofikisha milioni 365 huku nusu ya Marekani ikiwa imejifungia ndani ilifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuijaribu.

Funzo ambalo studio zilichukua lilikuwa tofauti. Wiki moja tu baada ya Tenet kufunguliwa Marekani, Warner Bros. iliiondoa Wonder Woman 1984 kutoka tarehe 2 Oktoba na kuipeleka Krismasi. Baada ya hapo ikafuata Dune, iliyoondolewa Desemba 2020 na kupelekwa Oktoba 2021.

Nini kilitokea tarehe 3 Desemba 2020?

Siku hiyo Warner Bros. ilitangaza kwamba filamu zake zote 17 za mwaka 2021 zingetoka sinemani na kwenye huduma yake ya mtandaoni, HBO Max, siku moja, na kwa wateja wa Marekani zingekaa huko kwa mwezi mmoja bila malipo ya ziada. Waongozaji wengi walipata habari hizo karibu sawa na umma. Kampuni ya Legendary, iliyokuwa imechangia sehemu kubwa ya gharama za Dune na Godzilla vs. Kong, nayo haikushirikishwa mapema.

Ili kuelewa hasira iliyofuata ni lazima urudi kwenye njia ya tatu ya malipo. Mwongozaji ambaye mkataba wake unasema atapata bonasi tiketi zikivuka dola milioni mia kadhaa ameahidiwa kitu ambacho msingi wake ni mlango wa sinema. Filamu ikiwekwa sebuleni kwa mtazamaji siku ileile, bila tiketi kukatwa, hakuna kinachohesabika. Studio inaweza kupata wateja wapya wa huduma yake, thamani ya kampuni mama ikapanda katika soko la hisa, na mtu aliyetumia miaka mitatu kuitengeneza filamu asione hata senti ya ongezeko hilo, kwa kuwa hakuna aya katika mkataba wake inayolitaja. Filamu ilibadilishwa matumizi kutoka bidhaa ya kuuzwa kuwa chambo cha kuvutia wateja wa kitu kingine.

Denis Villeneuve, mwongozaji wa Dune, aliandika barua ya wazi katika jarida la Variety akiishutumu kampuni mama ya wakati huo, AT&T, kwa kuiteka moja ya studio muhimu katika historia ya filamu. Nolan naye, ambaye hakuwa na filamu yoyote kati ya hizo 17, alisema maneno makali kuhusu namna wenzake walivyotendewa na akaiita HBO Max huduma mbaya kuliko zote. Naona jambo hilo la pili lina uzito wake: hakuwa akitetea fungu lake mwenyewe.

Je, waongozaji hao walilipwa fidia?

Baadhi walilipwa, na kwa viwango visivyolingana, jambo lililozidisha manung'uniko. Patty Jenkins, mwongozaji wa Wonder Woman 1984, na mwigizaji wake mkuu Gal Gadot, waliripotiwa kulipwa zaidi ya dola milioni 10 kila mmoja ili wakubali filamu yao kutoka sinemani na HBO Max siku moja, tarehe 25 Desemba 2020. Malipo hayo yalitengenezwa kwa kudhani kwamba filamu ingefanikiwa kama ile ya kwanza ya mwaka 2017, iliyouza tiketi za zaidi ya dola milioni 800. Ilichouza kwa kweli ni takriban milioni 169. Kwa maneno mengine, katika mwaka huo mgumu malipo ya uhakika yalikuwa na faida kuliko mgawo.

Habari za malipo hayo ndizo zilizowafanya mawakala wa waongozaji wengine waulize kwa nini wateja wao hawakuitwa mezani kabla ya tangazo la Desemba. Warner Bros. ilirudi kujadiliana na mmoja mmoja, na gharama ya jumla ya makubaliano hayo iliripotiwa kuwa zaidi ya dola milioni 200.

Kesi ya Scarlett Johansson inahusianaje na waongozaji?

Johansson ni mwigizaji, lakini hoja yake ilikuwa ileile. Black Widow, iliyoongozwa na Cate Shortland, ilisogezwa kutoka Mei 2020 hadi ikatoka tarehe 9 Julai 2021, sinemani na kwenye Disney+ kwa malipo ya ziada ya takriban dola 30. Wikiendi ya kwanza ilileta dola milioni 80 katika sinema za Marekani na Kanada na milioni 60 kupitia Disney+ duniani. Mwisho wa mwezi huohuo Johansson aliishtaki Disney akidai kwamba mkataba wake ulimhakikishia filamu kutoka sinemani peke yake, na kwamba bonasi zake zilitegemea tiketi. Disney ilijibu kwa ukali na kutangaza kwamba alikuwa ameshapokea dola milioni 20. Shauri lilimalizwa kwa maelewano mwishoni mwa Septemba 2021, na masharti hayakuwekwa wazi. Hakuna hukumu iliyotolewa, kwa hiyo hakuna kanuni ya kisheria iliyozaliwa, lakini wanasheria wa waongozaji walipata mfano wa kuonyesha mezani.

Vipi nchi ambazo sinema zake zilifunguliwa mapema?

Wasomaji wengi husahau kwamba janga halikufuata kalenda ya Hollywood. China ilifunga sinema zake Januari 2020, siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao ndio msimu mnono kuliko wote nchini humo. Filamu ya Xu Zheng, Lost in Russia, iliyokuwa itoke msimu huo, iliuzwa kwa kampuni ya ByteDance kwa yuan milioni 630 na kuonyeshwa bure mtandaoni tarehe 25 Januari 2020, na wenye sinema wakapinga vikali. Hivyo mgogoro ambao Marekani iliujua mwishoni mwa mwaka, China ilikuwa imeshauonja mwanzoni.

Sinema za China zilipofunguliwa tena Julai 2020, filamu ya vita ya Guan Hu, The Eight Hundred, ilitoka Agosti na kuuza zaidi ya dola milioni 450, karibu zote nyumbani, ingawa viti vingi vilikuwa haviruhusiwi kukaliwa. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2021, Hi, Mom, filamu ya kwanza ya mwongozaji Jia Ling, ambaye pia ndiye mwigizaji wake mkuu, iliuza zaidi ya dola milioni 800. Huko Japani, filamu ya katuni ya Demon Slayer iliyotoka Oktoba 2020 ilivunja rekodi ya mauzo ya nchi hiyo. Watazamaji walikuwepo, kilichotakiwa ni kumbi zilizofunguliwa na filamu wanayoitaka.

Waliongoja hadi mwisho walifaidika?

Wengi wao, ndiyo. Top Gun: Maverick ya Joseph Kosinski ilipangwa Juni 2020, ikasogezwa mara kadhaa, na ikatoka Mei 2022, iliuza tiketi za karibu dola bilioni 1.5. No Time to Die, ilipotoka hatimaye mwishoni mwa Septemba na Oktoba 2021, iliuza zaidi ya milioni 770. Kwa mwongozaji mwenye bonasi za tiketi, subira hiyo ilikuwa na thamani kubwa.

Lakini subira si mali ya kila mtu. Mwongozaji anayeanza, ambaye filamu yake ijayo inategemea jinsi hii ya sasa ilivyopokelewa, hupoteza miaka miwili ya maisha yake ya kazi akingoja. Hana ujira mwingine uliosainiwa, na hakuna aya inayomlipa kwa kungoja.

Afrika Mashariki iliguswa vipi?

Wakati wa mambo haya, HBO Max na Disney+ hazikuwa zikipatikana katika nchi zetu. Mtazamaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala aliyetaka kuiona filamu kwa njia halali siku ilipotoka alikuwa na sinema peke yake, kama ilikuwa wazi. Nakala safi za wizi zilipatikana kirahisi zaidi filamu ilipoanza kuwekwa mtandaoni siku ya kwanza, na zilifika kwenye vibanda vya video vya huku mapema kuliko zamani. Mwongozaji anayelipwa kwa tiketi hupoteza hapo pia, na mwenye sinema wa huku hupoteza pamoja naye.

Ni nini kimebadilika katika mikataba baada ya korona?

Kabla ya janga, filamu ilikaa sinemani peke yake kwa takriban siku 75 hadi 90. Mwezi Julai 2020 kampuni ya sinema ya AMC na studio ya Universal zilikubaliana kwamba filamu inaweza kuanza kukodishwa nyumbani baada ya siku 17, ilhali miezi mitatu kabla AMC ilikuwa imetangaza kutoonyesha tena filamu yoyote ya Universal, kwa hasira ya filamu ya studio hiyo, Trolls World Tour, kupelekwa moja kwa moja nyumbani. Warner Bros. yenyewe iliachana na mpango wa siku moja na kukubali siku 45 kwa filamu za mwaka 2022.

Kwa waongozaji wenye nguvu ya kudai, idadi ya siku za sinema sasa huandikwa ndani ya mkataba pamoja na asilimia, kwa kuwa asilimia bila siku haina maana. Nolan aliondoka Warner Bros. mwaka 2021 na kuipeleka Oppenheimer kwa Universal. Masharti yaliyoripotiwa yalikuwa bajeti ya takriban dola milioni 100, asilimia 20 ya dola ya kwanza, zaidi ya siku 100 za sinema peke yake, na ahadi kwamba studio haitatoa filamu nyingine ndani ya wiki tatu kabla na wiki tatu baada. Ilitoka tarehe 21 Julai 2023, na iliuza zaidi ya dola milioni 950.

Na mwongozaji asiye na jina kubwa afanye nini?

Hawezi kudai siku 100, na hakuna studio itakayompa. Anachoweza kudai, na ninaamini kila wakala anapaswa kumdaia, ni aya moja inayosema kwamba iwapo studio itabadilisha njia ya kutoa filamu baada ya mkataba kusainiwa, bonasi za tiketi zitabadilishwa kuwa kiasi maalumu kinacholipwa siku filamu inapowekwa mtandaoni. Kiasi hicho kiandikwe kwa tarakimu, na kiandikwe kabla kamera haijawashwa, wakati studio bado inamhitaji.